Betri Mbili na Televisheni Moja

Mnunuzi alilizunguka gari mara mbili, akalipiga teke tairi ambalo halijaona upepo tangu nikiwa mtoto, akasema, "Dada, hii si gari tena. Hii iko nyumba ya kuku."

"Basi nunua nyumba ya kuku," nikamwambia. "Kuku tutaongea bei yao kando. Wako wanane."

Nilikuwa nimewahesabu mara mbili. Wa tisa alikuwa wa jirani, na ningemuuza naye kama jirani mwenyewe asingekuwa amesimama pale mlangoni anatuangalia.

Mnunuzi akaingia ndani na bisibisi yake. Nikamsikia akigongagonga, kuku wakilalamika, kisha akatoka ameshika kitu kimoja tu: swichi nyeusi ya duara, inayoenea kiganjani, yenye kishikio chekundu katikati. Akaikwangua kwa ukucha, akaipuliza vumbi. Harufu ikanifikia pale niliposimama, harufu ya lehemu ya zamani na plastiki iliyowahi kupata moto.

"Hii peke yake iko mzima," akasema. "Hii nanunua leo leo."

"Hiyo haiuzwi."

Akacheka, akadhani ndiyo kwanza nimeanza. Simlaumu. Mimi nauza spea za bodaboda hapa Juba, na sokoni wanasema nimewahi kumuuzia mtu tochi aliyoingia nayo mwenyewe dukani. Alipandisha bei mara tatu kabla hajaniangalia usoni. Aliponiangalia, akanipa swichi, akaenda kuhesabu tairi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na pipa la maji, anajifanya hasikii.

Wa rika langu mtakumbuka zile diski zilizobeba filamu kumi na mbili katika moja, ya nane na ya tisa zikiwa ni filamu ileile yenye picha tofauti kwenye jalada. Mtakumbuka mtafsiri wa Uganda aliyepiga kelele juu ya sauti za waigizaji, akiongeza na mambo yake mwenyewe. Sisi nyumbani, mtaa wa Lemon Gaba, tulikuwa na diski hizo kwa sababu Baba alikuwa fundi wa redio na umeme, na watu walioshindwa kumlipa walimwachia walichonacho. Hata gari lilipatikana hivyohivyo. Lilikuwa gari la kulala, lenye kitanda, meza ya kukunja na dirisha dogo la nyuma. Wajenzi wa barabara walipoondoka nchini waliliacha na injini iliyokufa. Baba aliifufua injini, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Kisha wakaja kawaja wawili, wazungu, mume na mke, wakitaka kulikodi. Baba alituambia jioni hiyo kwamba wanataka kwenda kupiga kambi wiki tatu, na wanataka humo ndani pawe na televisheni na mashine ya diski.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na watu wa kambi niliwajua. Walikuwa Mangateen, chini ya maturubai, kwa sababu nyumba zao zilichomwa. Kwa hiyo nikauliza, "Nani amewafukuza?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alikulia ukimbizini Kenya, akasomea huko, Kiswahili chake kilikuwa cha daftari. "Hawajafukuzwa," akasema. "Wanalala nje kwa kupenda. Wanaangalia ndege."

"Na televisheni ya nini, kama wanaangalia ndege?"

"Ndege ikienda kulala," Baba akasema.

"Ndege wakienda kulala," Mama akamsahihisha.

"Ndiyo. Hata wao."

Kazi ile ilichukua siku sita, na mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Skrubu kumi na sita za chuma cha kushikia televisheni; nilizihesabu kabla na baada. Baba aliifunga juu ya mlango wa kitanda, kisha akaikaza na mpira wa tairi kwa nyuma ili isitikisike barabarani. Mashine ya diski akaiweka chini yake kwenye kisanduku alichokitandika godoro la sifongo, kwa sababu diski ikitikisika hurukaruka, na mtu anayekufa kwenye filamu hufa mara nne. Waya akazipitisha ndani ya ukuta. Nilikuwa na mkono mdogo, mimi ndiye niliyezivuta upande wa pili. Tulipolitoa kulijaribu, kila tukisimama aliweka pima maji juu ya mashine, na kama gari limeinama, alichimba mashimo chini ya magurudumu ya upande wa juu hadi kiputo kikae katikati. Kawaja wangelala sawasawa na diski ingezunguka sawasawa.

Lakini alichojivunia ni betri. Gari lilikuwa nazo mbili, na baina yao akafunga swichi ile.

"Fundi, sikiliza," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, na ndiyo maana nilimpenda kuliko watu wote. "Namba moja, hii ya injini. Namba mbili, hii ya nyumba: televisheni, feni, taa. Ukikaa mahali, unaweka mbili. Hata televisheni ikimaliza yote, asubuhi injini bado iko na yake. Hapa katikati, zote zinashikana mkono. Hapo hatuweki. Hapo iko ya shida tu."

"Shida gani?"

"Ukiiona utaijua."

Kulikuwa na jambo jingine nililojifunza kwake, na hilo hakunifundisha, nililiokota mwenyewe. Kwenye kibanda chake betri zilipangwa ukutani, na moja ikishindwa kuwasha taa, aliichomoa na kusema, "Hii imechoka. Wacha ipumzike." Kesho yake akiijaribu, taa iliwaka kidogo. Sikuona kwamba iliwaka kidogo tu na kuzima. Niliona kwamba imewaka. Nikajua kwa hakika ya mtoto kwamba betri ni kama mtu, ikilala inajaa.

Kawaja hawakuja kulichukua gari. Bunduki zililia mjini, siku ya pili zikalia karibu zaidi, na wao wakapanda ndege, ile nyingine, isiyoangaliwa kwa darubini. Gari likabaki uani kwetu na televisheni yake mpya, limefunikwa kitenge.

Wakati huohuo miguu ya Mama ilikuwa inavimba. Ukiibonyeza, kidole kiliacha shimo. Daktari alisema ni figo, kwamba damu yake inatakiwa isafishwe kwa mashine, na kwamba mashine hiyo kwa siku zile haipo isipokuwa Uganda. Muuguzi alisema kitu kimoja tu, nami nikakielewa vizuri mno: "Mama apumzike."

Baba akasema tutakwenda na gari la kulala, kitanda kiko, feni iko. Mama akakataa.

"Nimehamishwa mara tatu maisha haya, kama gunia," akamwambia. Nilikuwa mlangoni, na walijua niko mlangoni. "Safari hii niache nife kwangu."

"Hapa si kwako. Hapa iko plot ya kukodi."

"Basi nife kwenye plot ya kukodi."

Baba alikwenda kufunga feni ya pili upande wa kitanda. Siku iliyofuata tulimbeba Mama, akaenda njia nzima hadi Nesitu uso umegeukia ukuta.

Nesitu ndipo magari yalipokusanyika kungoja msafara. Barabara ya Nimule, ya kwenda Uganda, haikupitika peke yako siku zile. Wanajeshi walitangulia, wengine wakafunga nyuma, na aliyekuwa kwenye mstari alikwenda, asiyekuwepo hakungojwa. Nilihesabu malori arobaini na moja, kisha arobaini na matatu. Tuliambiwa msafara ni kesho alfajiri. Baba alisogeza gari pembeni ya mstari, kwenye mchanga, akachimba mashimo mawili ya magurudumu ili kitanda cha Mama kikae sawa. Pima maji ilikuwa mfukoni mwake. Akageuza swichi kwenye mbili, akafungua feni, akaniambia, "Usimwache mama yako," akaenda mbele kwa ofisa wa msafara kuomba gari letu liwekwe karibu na wanajeshi, kwa sababu ya mgonjwa.

Jirani yetu kwenye mstari alikuwa dereva Msomali kutoka Kenya, Abdi, lori lake limejaa makreti matupu ya soda. Ndiye aliyeona televisheni kupitia mlango wazi.

"Wee! Mko na sinema huko ndani?" akasema. "Na sisi tunakaa hapa tunaangalia tairi?"

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Watoto wa magari mengine walikuwa wamejaa pale, wamechoka kuchezea mchanga. Kiingilio nikaweka kiganja kimoja cha karanga, kiganja changu, si chao. Abdi nikamtoza chupa ya maji kwa sababu alikuwa na kichwa kikubwa na angeziba. Niliwahesabu walioingia: tisa. Nikahesabu tena: kumi. Mvulana mmoja alikuwa amempitisha mdogo wake chini ya shati. Nikamdai kiganja cha pili, akanipa nusu, tukaelewana.

Filamu ilikuwa ya Kichina, ya mpishi aliyeibiwa sufuria ya babu yake, akaifuata nchi nzima, akipigana na kila aliyepikia ndani yake. Mtafsiri wetu wa Uganda alimpa sufuria sauti yake yenyewe. Watoto waliangua vicheko. Nyuma ya pazia la kitanda nikasikia kicheko kingine, chembamba, kikifuatiwa na kikohozi.

Nikafungua pazia. Mama alikuwa ameketi. Siku nne alikuwa hajaketi.

"Nipe kitana," akasema. "Na ile nguo yangu ya kijani, itoe kwenye begi, itundike isikunjamane. Sishuki hospitali na nguo ya kulalia mimi, wakadhani nimetoka mtaroni."

Nikaitundika kwenye ndoano ya dirisha. Akajichana kidogo, mkono ukamlemea, nikammalizia. Aliniambia nimkumbushe Baba amwamshe kabla ya alfajiri, ili avae bila haraka.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya malori wakati televisheni ilipozima. Mpishi alikuwa ameiona sufuria. Ilikuwa mbele yake, juu ya meko ya adui, inachemka. Kioo kikawa cheusi, feni zikazunguka taratibu, zikasimama, na watoto kumi wakapiga ukelele mmoja.

"Rudisha karanga zetu!" akasema yule wa nusu kiganja.

Mama akaniita. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. "Si kuna ile swichi ya baba yako?"

"Alisema isiguswe."

"Kidogo tu. Waone kama mpishi ataipata. Kisha uirudishe."

Nikageuza kishikio chekundu hadi katikati. Feni zikaamka. Sura ya mpishi ikarudi, akaanza kupigana, akapigana kama robo saa, na kabla hajafika kwenye meko, giza tena. Safari hii hakuna aliyepiga ukelele. Jua lilikuwa limezama na mama zao walikuwa wanawaita. Karanga hawakudai, nami sikuwakumbusha.

Nilisimama mbele ya swichi. Nilikumbuka aliyosema Mama, na mkono wangu ulikuwa pale pale. Lakini nilikuwa na akili yangu ya fundi. Nikawaza: betri moja imechoka kabisa, nyingine bado ina nguvu kidogo. Nikiziacha zimeshikana mkono usiku kucha, ile yenye nguvu itampa mwenzake, zitapumzika pamoja, na asubuhi zote mbili zitakuwa zimejaa. Mimi mwenyewe nililala ubavuni mwa Mama kila siku kwa hesabu hiyohiyo.

Nikaiacha katikati.

Baba alirudi na habari njema: tumepewa nafasi ya tano. Alikuta Mama amelala na mimi nimelala.

Alfajiri injini zote za Nesitu ziliwaka kwa pamoja, ardhi ikatetemeka. Yetu ilisema *tk*. Baba akajaribu tena. *Tk*. Nikamwona anageuka, anaitazama swichi. Nikamwona anainua macho, anaitazama ile nguo ya kijani dirishani, kisha anamtazama Mama kitandani. Alimtazama kwa muda ambao sikuuelewa, wakati muda wenyewe hatukuwa nao. Halafu akageuza kishikio haraka, mwili wake ukiwa umeniziba, akasema kwa sauti kubwa, "Betri. Betri iko mbovu!"

Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru. Nikadhani hajajua ni mimi.

Walijaribu kusukuma. Abdi na madereva wengine wanne waliinama nyuma ya gari, lakini magurudumu mawili yalikuwa ndani ya mashimo ya pima maji, na mchanga ulikuwa unayameza. Abdi akakimbilia lorini kwake kuchomoa betri moja, alikuwa ameshafungua kifuniko wakati mwanajeshi alipolipiga bati la lori kwa kitako cha bunduki. "Yala, rua! Rua!" akafoka, akimwambia aende. Mstari ulikuwa unatembea. Nyuma yake walikuwa wanapiga honi.

"Mzee, nisamehe," Abdi akamwambia Baba. "Nisamehe, wallahi."

"Enda," Baba akasema. "Enda, ndugu yangu."

Nilihesabu malori yote yakipita. Sikuhesabu mara ya pili.

Saa nne tulipata gari la kutuchaji, injini ikawaka kama vile haikuwahi kukataa. Kwenye kizuizi cha barabarani wakatuambia hakuna kwenda bila msafara, na msafara mwingine ni baada ya siku tatu. Kurudi Juba kulikuwa kurudi kwa daktari aliyetuambia tuondoke. Baba aliliacha gari pale pale, la kwanza kwenye mstari ambao haukuwa na mtu mwingine, na akakaa ameshika usukani.

Mama alikufa siku ya pili, mchana, feni zote mbili zikizunguka. Hakusema neno kuhusu swichi. Sijui kama alijua. Aliuliza tu, mara moja, tumefika wapi, na Baba akamwambia tumekaribia.

Tulimzika na nguo ya kijani. Jamaa walipouliza, Baba aliwaambia betri ilikuwa mbovu, na kwa kuwa alikuwa fundi wa betri, walimtazama kwa namna ambayo mteja humtazama mtu asiyerudi kwake. Na wateja wakaacha kuja kweli. Kibanda kilifungwa. Televisheni aliing'oa, akampa mtu bure, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Mimi nilikua nikihesabu kila kitu mara mbili, na watu wakasema ni akili ya biashara.

Basi hiyo ndiyo swichi niliyokuwa nimeishika mnunuzi akihesabu tairi. Nikaenda nayo hadi kwenye pipa la maji, nikachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo miaka mingi, na ikatoka maneno machache.

"Baba, betri haikuwa mbovu. Ni mimi niliyeiweka katikati. Mama aliniambia nirudishe, nikaacha."

Hakushtuka. Aliiangalia swichi, si mimi. Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Na nguo," akasema. "Ile nguo ya kijani. Nani aliitundika?"

"Mimi. Alinituma. Alisema hashuki hospitali na nguo ya kulalia. Aliniomba nimchane nywele, Baba. Alitaka aamshwe mapema."

Baba alinyoosha mkono, nikampa swichi. Aliizungusha, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mimi nilifikiri ni yeye," akasema. "Si alisema hataki kwenda? Asubuhi naona swichi iko katikati. Naona nguo imetundikwa. Nikasema, basi, mke wangu amekataa safari. Nguo ameshajiandalia, ya kuzikwa." Akaifuta swichi tena. "Nikarudisha haraka, watu wasione. Nikasema betri. Si vizuri watu waseme mwanamke alijikatia uhai."

Nikasogea karibu zaidi na kiti chake.

"Miaka yote nimemkasirikia," akasema. "Na mimi namwambia, wewe, umeniacha kwa kupenda."

Mnunuzi akakohoa pale kwenye gari. "Dada? Tunaendelea?"

"Ngoja," nikamwambia.

"Kumbe alikuwa anataka kufika," Baba akasema.

Nilitaka kumshika, lakini mikono yake miwili ilikuwa na kazi. Aliiinua swichi hadi sikioni, kama alivyokuwa akifanya kibandani, akageuza kishikio chekundu polepole: moja, katikati, mbili. Kila mahali ililia mlio wake mdogo, safi. Akarudia tena, moja, katikati, mbili, ameinamisha kichwa.

"Iko mzima," akasema. "Hakuna kitu ilikuwa mbovu."